Eti jiko la kuni halitoi moshi 😂

Jamani leo Kariakoo nimeponea chupuchupu.

Mama anachoma maandazi ya kuuza huku Mbagala, kuni zinammalizia hela, nikasema nimtafutie jiko banifu, yaani lile linalokula kuni kidogo.

Muuzaji: "Dada hili halitoi moshi kabisa, kijiti kimoja tu maharage yameiva." Kijiti kimoja!

Nikamwambia liwashe basi tuone. Akaanza mara kiberiti hakuna mara bosi katoka, mwisho akawasha na kuni mbichi, na kuni mbichi karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji tu, moshi ukatutoa machozi wote wawili. Stika ya HAKUNA MOSHI ikawa nyeusi tiii tunaiangalia. Yeye anafuta macho na shati, "huo wa mwanzo tu dada".

Nimerudi na laki yangu.

Nani ana jiko la kuni alilolitumia mwenyewe hata miezi 6? Linakula kuni kiasi gani?