Radi na gunia

Farasi Radi alistaafu mbio pale Ngong Racecourse akiwa na miaka 6. Jina kubwa, moyo wa kuku. Leo asubuhi, huku Karen, Nairobi, kaona gunia limening'inia kwenye ua karibu na herufi C, moja ya herufi za alama pembeni mwa uwanja wa mazoezi, karuka pembeni, nami nikabaki nimekumbatia shingo.

Shida ni hatamu. Farasi wa mbio kazoea kuegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni. Ukivuta, anaelewa "ongeza kasi". Ndiyo maana kwenye dresaji, mchezo wa kumwongoza farasi kwa hatua za ustadi, ukiogopa ukavuta, umekwisha. Nikajilazimisha kulegeza mikono, nikampeleka kwenye duara la mita 20 upande wa A, mwisho wa pili wa uwanja, halafu kila mzunguko nikasogea kidogo kuelekea gunia. Sikio lake la kushoto halikubanduka kwenye lile gunia.

Saisi wetu akacheka: "Dada, si nilitoe tu?"

"Liache hapo hapo."

Mzunguko wa kumi na kitu hivi akashusha shingo, akapuliza puani, akaanza kutafuna lijamu. Hatua nne laini, mgongo umeinuka chini yangu. Nne tu, lakini nilizihesabu!

Kisha kunguru akatua juu ya gunia.