Mtu ambaye hayupo

Nimefua, nimepika, nimekata abaya za wateja wawili, na bado maneno ya Kaka yananizunguka kichwani. Alhamisi tulikuwa kwake Uyole, nikamwomba anioneshe karatasi ya mauziano ya kile kiwanja cha mdogo wetu Zuhura, aliyeko Muscat, Oman, kwa kazi za ndani. Mnunuzi: jina lake yeye. Nikamuuliza kulikoni. Akaendelea kumenya kiazi cha kuchemsha, hata macho hakuinua.

"Sasa mdogo wangu, ulitaka niandike jina la mtu ambaye hayupo?"

Nikamwambia, "Hela yake mbona ilikuwepo?"

"Hela inatumwa. Mtu hatumwi." Akachovya kiazi kwenye chumvi. Wifi akacheka.

Wiki yenyewe ilikuwa nzito: Mama ametoka wodini, harusi ya Mwana imepita salama, kodi ya fremu Mwanjelwa imepanda. Lakini nikikaa kwenye cherehani ni hayo tu, mtu ambaye hayupo. Fundi akiishiwa saruji, Zuhura yupo. Bati zilipotakiwa alikuwepo, usiku wa manane, ananong'ona bafuni ili mtoto wa bosi asiamke. Ada ya mtoto wa huyo huyo Kaka, yupo. Kalamu ikishikwa, hayupo!

Na Kaka si kwamba dini haijui. Ndiye anayesomesha watoto madrasa Jumamosi. Suratun Nisaa ameihifadhi, na aya ya 32 inasema wazi kuwa wanaume wana fungu katika walichochuma, na wanawake wana fungu katika walichochuma. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanaume. Hata mwenyekiti wa mtaa aliyegonga muhuri ni mama mtu mzima, na nyuma ya kiti chake ukutani imetundikwa picha ya Rais Samia. Kwa hiyo Mungu kasema, serikali imesema, na jina likaandikwa la Kaka.

Kwenye mawaidha tunasikia utandawazi unalaumiwa kwa suruali za kubana na TikTok. Hii habari ya Zuhura sijasikia ikitajwa. Bosi wake huko Muscat ni mwanamke msomi, anaendesha gari mwenyewe kwenda kazini. Jirani zao wa Saudia waliruhusiwa kuendesha magari Juni 2018, na mwaka uliofuata wenye miaka 21 wakaruhusiwa kuchukua pasipoti bila idhini ya mlezi wa kiume. Mashallah, nawafurahia kwa dhati. Ila yule mama anatoka asubuhi kwa sababu kuna binti wa Mbeya anayebaki na mtoto wake, na pasipoti ya huyo binti kaifungia kabatini kafili, yaani mwajiri anayemdhamini. Halafu mshahara wa binti unarudi huku, Kaka anaitwa mwenye nyumba.

Jana usiku nikampigia Zuhura, nikamweleza yote. Nilijiandaa kumbembeleza. Alicheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio.

"Dada, kwani Kaka umemjua leo? Hela ya vitumbua vyetu alikuwa anaiweka nani?"

Kumbe wanawake wa kwetu walioko huko wana kundi lao la WhatsApp na wanafundishana. Unaandika karatasi ya kumpa mtu unayemwamini mamlaka ya kukusainia, unaipeleka ubalozini kwetu inagongwa muhuri, unaituma nyumbani. Ameshaiandika, kaweka jina langu. Anasubiri tu siku ya ruhusa atoke. "Na hela ya madirisha imekaa kwangu. Mwambie Kaka ataiona mauziano yakiandikwa upya. Tena akome kuninunulia vitu vya rangi ya kijani!"

Nimeamka leo nikiwa mwepesi, hata yule mteja msumbufu wa Kabwe nimempunguzia bei. Kaka bado sijamwambia. Nataka Wifi awepo.

Ila mwanangu Hanifu anakohoa tangu Jumapili, kikohozi kikavu, kinaanza akishalala. Baridi ya mwezi huu mnaijua, na sweta lake la shule limebaki kwa fundi wa zipu. Asali na tangawizi nimempa wapi. Sijui nimpeleke zahanati kesho asubuhi, au nivute mpaka Jumatatu nikishalipwa zile abaya.