Keki mbili za pu-erh, na moja ikarudi inanuka udi

Kabla sijaenda mbali wacha tuelewane, manake nilishachekwa na watu wa kazini: nikisema sheng kwa hii stori siongei Sheng ya mtaa. Sheng ni pu-erh mbichi, chai ya Yunnan kule kusini magharibi mwa China, majani yanakaangwa kwa karai kwa moto wa kiasi, yanafinyangwa, yanaanikwa juani, alafu yanapigwa mvuke na kukandamizwa yakawa keki. Baada ya hapo inaachwa tu. Miaka. Nduguye anaitwa shou, huyo tutamfikia.

Na mti wenyewe sio mgeni kwetu ati. Ile aina ya majani makubwa, assamica, ndio imejaa Kericho na Limuru pia, ni vile sisi tunaisaga ikawa punje, inageuka rangi siku hiyo hiyo na kesho kutwa iko kwa sufuria na maziwa.

Sasa. 2016 binamu yangu ambaye huenda Guangzhou kuchukua mzigo wa viatu alipitia soko la chai la Fangcun akaniletea keki mbili za sheng, mapacha, karatasi moja, mwaka mmoja. Keki moja ni gramu 357, duara, ngumu mpaka huwa namegua na bisibisi. Nikaona wacha nifanye utundu. Nilikuwa nimesoma kwamba sheng ikikaa penye joto na unyevu kama Hong Kong inazeeka haraka, ikikaa Kunming penye baridi na ukavu inajivuta. Kunming iko kama mita 1,890 juu ya bahari, Nairobi tuko karibu 1,800. Kumbe sisi ndio Kunming bana, na Hong Kong yetu ni Mombasa. Basi keki moja ikabaki hapa South B kwa boksi la viatu juu ya kabati, nyingine nikaipeleka Kisauni kwa mama mdogo nikamwambia aiweke mahali pakavu asiiguse.

Hakuigusa. Shida haikuwa kuigusa.

Desemba nimeifuata, nikarudi nayo, na Jumapili moja nikakaa chini na vikombe. Nilikuwa na ya tatu pia, sheng changa ya 2024, ndio nijue nimetoka wapi. Gramu tano tano kwa kamizani ka jikoni, gaiwan ndogo, kale kabakuli ka Kichina kenye kifuniko, ya mililita 100, maji ya kwanza ya kuosha unamwaga, alafu sekunde kumi, kumi na tano, unaendelea hivyo mpaka chai ichoke. Maji yetu hapa huchemka kwa nyuzi kama 94 sababu ya huu mwinuko, kwa hivyo usihangaike kutafuta 100, haipo, na kwa sheng changa hata ni afadhali.

Changa nikaanza nayo. Maji ya manjano yanayoelekea kijani, harufu tamu kama nyasi na maua hivi, alafu ukimeza ndio unakutana na managu yaliyopikwa bila maziwa. Uchungu, alafu ukakasi, ule wa ndizi mbichi ukiiuma kwa ujinga, ulimi unakauka mpaka ukingoni. Lakini tulia. Dakika moja hivi utamu unapanda wenyewe kutoka kooni, bila sukari bila nini, Wachina wanauita huigan, na hiyo ndio inafanya mtu arudie kikombe alichokuwa anakilaani. Makosa yangu ni kwamba sikuwa nimekula. Kikombe cha sita mikono inatetemeka, nikakimbilia mkate. Usiwahi kunywa sheng changa na tumbo tupu, hii naiongea kama mtu aliyeona.

Ya South B, miaka yote hiyo juu ya kabati, maji yake ni asali nyepesi. Uchungu umepungua, ukakasi bado upo, kuna kitu kama aprikoti kavu kwa mbali lakini hakijiamini. Iko form three: sio mtoto, na wazee hawajamkaribisha kikao. Nilitarajia zaidi, sitadanganya.

Alafu nikafungua ya Kisauni. Rangi kwanza ikanitoa macho, nyekundu ya machungwa, karibu strungi ya kibandaski. Hizi keki zilitoka pamoja jamani! Nikanusa. Nikanusa tena. Udi.

Nikampigia simu. "Shikamoo mama mdogo." "Marahaba mwanangu, hujambo?" Nikauliza ile chai ilikaa wapi. "Si kwa kabati la leso, si uliniambia pakavu?" Na mama mdogo kila Alhamisi usiku anafukiza, leso, mabuibui, kabati lote. Ile chai imefukizwa kama bi harusi. Chai hufyonza harufu ya kila kitu kilicho karibu nayo, nilikuwa najua, na sikumwambia, kwa hivyo lawama ni zangu.

Nikainywa hivyo hivyo. Vikombe vitatu vya kwanza ni arusi. Cha tano ndio chai ikaanza kujitokeza: mbao za zamani, tende, maji mazito yanayoteleza ulimini, uchungu umekuwa kama kumbukumbu tu, na kule nyuma kafuri, ambayo ndio ile harufu watu wanaisifu kwa sheng zilizozeeka vizuri. Ila nikakumbuka kabati. Mpaka leo sijui hiyo kafuri ni ya chai au ni ya zile tembe za kufukuza nondo.

Pamoja na hayo yote ilishinda. Kwa mbali. Tangu siku hiyo mtu akiniambia tu keki yake ni ya mwaka fulani, nauliza ililala wapi. Tena hiyo miaka yenyewe uichunguze, karatasi ni rahisi kuchapisha. Kuna jamaa alinionyesha keki akisema ni ya 1975, kumbe amesoma namba 7542. Hiyo 75 ni mwaka wa mapishi, 4 ni daraja la majani, 2 ni kiwanda cha Menghai. Keki yenyewe nadhani ni ndogo kuliko mtoto wake.

Shou nitaisema kwa ufupi sababu sina ugomvi nayo. Mwaka 1973 kiwanda cha Kunming kilipata njia ya kukatiza: lundika majani, yamwagie maji, yafunike, yageuze geuze mwezi mmoja na zaidi yachachuke kama lundo la samadi, upate weusi wa uzee bila kusubiri uzee. Ikiwa mpya inaweza kunuka samaki wa jana, ikikaa miaka michache harufu inaisha, inabaki udongo uliopata mvua na utamu mtulivu. Mamangu anaipenda na maziwa. Najua wajuzi watalia, wacha walie.

Vipande vya Kisauni nimevimegua nikavimwaga kwa chungu cha udongo, mdomo nimefunika na kitambaa, nione kama udi utatoka. Wiki ya tatu hii, unatoka taratibu mno.

Na mama mdogo juzi ananiuliza, "Ukija Pasaka lete nyingine, ile nafasi kabatini ipo." Nikamwambia mama mdogo naomba safari hii ikae chumba cha mjomba. Akacheka sana. "Mjomba wako anapaka Vicks kila usiku."