Kuchagua Nzi wa Julai kwa Mito ya Montana

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa mfungaji wa nzi wa bandia katika karakana ndogo pembezoni mwa mji wa Kikuyu, mojawapo ya karakana za Kenya ambazo kwa miongo mingi zimekuwa zikiwauzia wavuvi wa Ulaya na Amerika Kaskazini chambo cha manyoya na uzi. Kwa kawaida kazi yetu haikuwa na nafasi ya kuchagua. Mteja alileta sampuli, nasi tukaiiga dazeni baada ya dazeni mpaka mkono ukaizoea na jicho likabaki kukagua tu. Kwa hiyo, duka moja la Montana, Marekani, lilipoandika mwezi wa Januari kwamba linataka seti ya nzi wa aina kumi na mbili za kuvulia samaki aitwaye trauti wakati wa majira ya joto, yaani Julai na Agosti, na kwamba sisi ndio tupendekeze aina hizo, mzee msimamizi wetu aliisoma barua kwa makini, akaisoma tena, kisha akaniita mezani pake.

Aliniita mimi kwa sababu nilikuwa na mazoea ya kusoma katalogi na majarida ya uvuvi yaliyoachwa na wateja. Yeye hakuwa msomaji wa majarida, lakini katika ujana wake aliwabebea mizigo wavuvi katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, na miongoni mwetu sote ndiye pekee aliyewahi kumshika trauti aliye hai. Sisi wengine tulikuwa tukimtengenezea chakula samaki tusiyemjua.

"Samaki ni yule yule, binti yangu," alianza. "Hawa wa Gura waliletwa na yule mlowezi Grogan mwaka 1905, mayai yao yakitoka Uskoti. Hata hao wa kahawia wa Montana asili yao ni Ulaya. Funga wanachokula hapa, na kule watakula."

Nilimjibu, kwa adabu inayostahili, kwamba samaki huenda ni yule yule lakini mto si ule ule. Huku kwetu karibu na ikweta maji ya mlimani hayabadiliki sana, na trauti hula mwaka mzima. Kule mto hubeba maji ya theluji inayoyeyuka hadi Juni, kisha hupungua na kung'aa, na wadudu hutoka kwa zamu, kila jamii na wiki zake. Atakayevua kwa nzi wa Juni mwezi wa Agosti ataonekana na samaki kama mgeni aliyefika baada ya karamu kwisha. Mzee alicheka, akanivutia kiti.

Tulianza na walio wazi. Elk Hair Caddis hakuhitaji mjadala: Al Troth alimfunga kwanza Pennsylvania mwaka 1957, baadaye akahamia Montana, na mito ya huko ina wadudu wa jamii ya kadisi kwa wingi jioni za majira ya joto. Nywele za elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, zina hewa ndani yake, ndiyo maana nzi huyo huelea hata katika maji yenye vurugu. Tulimwandika katika ndoano namba 14 na 16. Na wasiojua kazi hii wafahamu kwamba namba ikipanda, ndoano hupungua. Adams naye aliingia bila kupingwa. Len Halladay wa Michigan alimtunga mwaka 1922, na tangu hapo rangi yake ya kijivu imekuwa ikimwakilisha karibu kila mdudu mdogo wa mtoni bila kumwiga yeyote hasa.

Kwa upande wa wanaozama, nilitaka Pheasant Tail wa Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon huko Wiltshire, ambaye alifunga kwa waya mwembamba wa shaba badala ya uzi ili nzi apate uzito wa kushuka. Nilieleza kwamba trauti hupata sehemu kubwa ya chakula chake chini ya maji, kabla mdudu hajafika juu na kukunjua mabawa, na kwamba seti isiyo na nzi wa kuzama ni nusu ya seti. Mzee alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Alisema wazungu wa Gura walipenda sana kumwona samaki akipasua maji, lakini waliorudi na kapu zito ni wale waliovulia chini.

Ubishi wa kweli ulikuja juu ya Royal Wulff. Nilitaka aachwe. Ana tumbo jekundu katikati ya nyuzi za manyoya ya tausi, ana mabawa meupe, na hakuna mdudu duniani anayefanana naye. Mzee hakupandisha sauti. Alichukua bakuli la kioo tulilokuwa tukipimia kama nzi anaelea sawasawa, akalijaza maji, akamweka Royal Wulff juu yake na kuniambia niinamishe kichwa nitazame kutoka chini. Niliona kivuli cha mwili, duara la nyuzi za manyoya zilizokanyaga uso wa maji, na karibu hakuna rangi. "Samaki anaona hicho," alisema. "Mabawa meupe si ya samaki. Ni ya mvuvi, apate kumwona nzi wake palipo na povu." Royal Wulff aliandikwa.

Baada ya hapo nilipata ujasiri wa kuondoa. Nzi mkubwa wa kumwiga mdudu wa mtoni aitwaye stonflai, ambaye wafungaji walimpenda kwa sababu mikono haichoki naye, nilimfuta, kwani katika mto kama Madison wadudu wale hutoka mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai, na mteja alitaka seti ya kumfikisha mvuvi mwisho wa Agosti. Nafasi yake niliwapa wadudu wa nchi kavu: panzi, mbawakawa na sisimizi. Nyasi za kando ya mto zikikauka, upepo wa mchana huwasukuma panzi majini, na trauti husogea ukingoni kuwangoja. Kuhusu sisimizi wenye mabawa mzee hakuhitaji maelezo yangu. Alisimulia jinsi kumbikumbi walivyoanguka katika Gura baada ya mvua, na samaki waliokuwa wamekataa kila kitu wakapoteza woga wote.

Hoja ngumu kuliko zote ilikuwa ya Trico, mdudu mdogo wa asubuhi za Agosti anayefungwa katika ndoano namba 20 au 22. Nilijua seti haitakamilika bila yeye, kwa kuwa mchana wa Agosti maji yakipata joto wavuvi hupendelea alfajiri. Lakini sisi tulilipwa kwa dazeni, na dazeni ya nzi wa ukubwa ule hula macho na muda kuliko dazeni mbili za Adams. Wenzangu waliokuwa wakisikiliza huku wakifunga walinyamaza wote. Nilimwambia mzee kwamba sitamwandika Trico mpaka bei yake iwe tofauti, na kwamba hilo liandikwe katika barua ile ile ya mapendekezo, si baadaye oda ikishafika. Alinitazama kwa muda, kisha akaandika mwenyewe kwa mkono wake.

Sampuli ziliondoka wiki hiyo, na majibu yalipokuja duka lilikuwa limekubali orodha karibu yote, pamoja na bei ya Trico. Walimbadilisha panzi tu: walimtaka mwenye miguu ya mpira. Mzee alinipa nauli ya kwenda soko la Gikomba, Nairobi, kutafuta mpira mwembamba wa kukata, na nilipotoka aliniita tena akaniambia nisinunue mweusi.