Siku yangu na ute wa kahawia

Saa 11 alfajiri, Kigamboni
Leo bamvua, maji yamejaa mpaka karibu na minazi. Nachota sasa hivi, kabla hayajaanza kupwa. Wapo mafundi wenzangu wa matangi ya samaki wa baharini wanaochota karibu na Daraja la Selander, pale Mto Msimbazi unapomwaga uchafu wa jiji zima. Samaki wao nawahurumia. Napima chumvi, 35 kwa elfu, nachuja kwa kitambaa, kisha madumu yanapanda bajaji tuwahi pantoni.

Saa 3 asubuhi, Upanga
Kliniki ya meno, tangi la lita 400 kwenye chumba cha kusubiria. Ute wa kahawia umetanda juu ya mchanga na mawe, una nyuzi, na kila uzi umeshika kiputo cha hewa. Konokono wamekufa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hili tangi lako limenishinda. Kila jioni nasugua na kubadilisha maji. Asubuhi nikifungua, mchanga mweupe. Ikifika saa sita, kahawia tupu!"

Mama wa usafi hajui kwamba ameshanipa nusu ya jibu. Ungekuwa unga wa diatomu, mwani wa chembe moja, ule unaotokea kwenye matangi mapya na kula silika, usingepotea usiku na kurudi mchana. Sianobakteria, ambao ni bakteria na si mwani hasa, mara nyingi hutanda kama ngozi nyekundu inayobanduka vipande. Huu wa kuja na kuondoka kwa kufuata mwanga, pamoja na konokono waliokufa, unanitia shaka ya dinoflajelati, vijidudu vya chembe moja vinavyoishi kwa mwanga.

Napima virutubisho vya maji: naitreti sifuri, fosfeti sifuri. Shaka inazidi.

Navaa glavu, navuta ute kidogo kwa bomba la sindano, nautia kwenye chupa na kuitikisa kwa nguvu mpaka ute uvunjike. Nachuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa, maji yaliyopita nayaweka chini ya taa. Huku nasubiri, nakunywa chai na dada wa mapokezi.

Saa 5
Maji yaliyokuwa meupe yameota nyuzi tena. Ndio wenyewe, wamejikusanya upya. Tone moja chini ya hadubini linamaliza ubishi: vijidudu vyenye umbo la tone la machozi, vinazunguka kana kwamba vimefungwa kamba sehemu moja. Ostreopsis, aina ya dinoflajelati. Hawa wana sumu, si wa kuchezea. Mwaka 2005 kule Genoa, Italia, watu wapatao 200 waliugua kwa kuvuta tu hewa ya ufukweni, vijidudu hawa walipokuwa wameshamiri baharini.

Namweleza mama: usafi wenyewe ndio uliowakaribisha. Naitreti na fosfeti zikiisha, mwani wa kawaida na bakteria wema wanadhoofika, na hawa wanabaki na uwanja peke yao.

"Kwa hiyo maji machafu ndiyo dawa?"

"Machafu kidogo, mama."

Hajaridhika, naona usoni. Lakini amri ni hiyo: kubadilisha maji basi, samaki waongezewe chakula, nami natia naitreti mpaka ifike kama 5 kwa milioni na fosfeti isishuke chini ya 0.05. Madumu yangu ya Kigamboni yanaondoka kama yalivyokuja.

Saa 8 mchana, Masaki
Tangi la hapa lina Bryopsis, mwani wa kijani wenye umbo la manyoya ya ndege. Dawa yake ni flukonazoli, ile ya fangasi. Duka la dawa wameniangalia vibaya niliposema ni ya samaki.

Saa 11 jioni, Upanga tena
Nafunga taa ya UV, ile ya miale inayoua vijidudu majini. Ostreopsis usiku huachia mawe na kuelea majini, ndipo pampu inapowavuta wapite kwenye miale. Wangekuwa Amphidinium, dinoflajelati wa aina nyingine wanaojificha mchangani, taa hii ingekuwa hasara tupu. Ndiyo maana sitibu kabla ya hadubini. Taa ya juu naizima kwa siku tatu.

Saa 2 usiku
Ujumbe wa dada wa mapokezi: mama anauliza, kioo je, anaruhusiwa kufuta?

Nimemjibu: kwa nje, ruksa.