Nilivyochagua kichanganuzi cha maswali kwa orodha ya miswada, Lamu

Orodha yetu ya miswada hapa Lamu inatafutwa kwa Solr, programu ya kutafutia maandishi, na watumiaji wake wengi ni walimu na watafiti. Mtu anataka tenzi za Pate au za Siyu, lakini si zile zilizobaki kama nakala za picha. Kwa maswali kama hayo, kazi yote iko kwa kichanganuzi, ile sehemu inayosoma alichoandika mtu na kuamua mashine itafute nini.

Nilianza na eDisMax, kimoja cha vichanganuzi vya Solr. Inatafuta kwenye jina, mahali na maelezo kwa pamoja, kila sehemu kwa uzito wake, na mtu akisahau kufunga mabano haimrudishii kosa. Hilo la mwisho ndilo lililonitia wasiwasi. Inalisoma swali inavyoweza, inaleta majibu, na mtafiti anaondoka akiamini amejibiwa alichouliza. Kwa utafiti, afadhali programu ikatae waziwazi.

Basi nikahamia kichanganuzi cha kawaida cha Solr, nikawasha debugQuery nione kila swali linavyosomwa. Nikaandika (AND ni “na”, OR ni “au”):

utenzi AND Pate OR Siyu

Kikasoma hivi:

+utenzi +pate siyu

Alama ya kujumlisha maana yake ni lazima. Siyu haina alama, kwa hiyo ni hiari: ikiwepo inaupandisha mswada juu, isipokuwepo si kitu. Mswada wa Siyu usiotaja Pate hautoki kabisa! Chini ya Solr kuna Lucene, maktaba ya utafutaji ambayo Solr imejengwa juu yake, na Lucene inajua lazima, hiari na marufuku tu; haina kanuni ya AND kutangulia OR. Nilipoandika utenzi AND (Pate OR Siyu), yote yakatoka. Tangu hapo fomu yetu ya utafutaji wa kina inaweka mabano yenyewe.

Ukanushaji nao una mtego wake. (NOT picha), yaani “si picha”, ikikaa peke yake ndani ya mabano haipati chochote, inabidi iwe (*:* NOT picha), yaani “yote isipokuwa picha”. eDisMax inalimudu hili bila msaada, nakiri.

Kichanganuzi cha kawaida hutafuta sehemu moja tu usipokitajia nyingine, nikazikusanya zote katika moja kwa copyField, agizo la Solr la kunakili sehemu moja hadi nyingine. Utendi na utenzi nimeziweka kwenye faili la visawe, pamoja na nti na nchi, maana miswada ya Kiamu, lahaja ya Lamu, haiandiki kama vitabu vya shule. eDisMax imebaki kwenye kisanduku cha ukurasa wa kwanza, kwa anayetafuta neno moja au mawili.