Siku moja maishani mwangu: kutoka Kilindini hadi bilauri ya tango

Saa kumi na mbili asubuhi jana, kabla ya kutoka Tudor kwenda kazini Kilindini, bandari ya Mombasa, niliyeyusha gramu 200 za sukari katika mililita 200 za maji, nikapata shira nyepesi kuliko ile tunayomiminia kaimati, nikaiacha ipoe kwa ajili ya kinywaji cha tango na pombe ya jini (gin) nilichopanga kutengeneza usiku. Kisha nilijaza maji trei ya barafu yenye vyumba vikubwa, kwa kuwa kwa joto letu vipande vidogo huyeyuka upesi na kinywaji kikawa chapwa.

Saa mbili hadi saa saba nilishughulikia nyaraka za makontena.

Saa saba na robo nilifika Marikiti. Tango nene hujaa mbegu, kwa hiyo nilitafuta membamba, magumu, yasiyo na umanjano. “Mwanangu, chukua haya, yameingia alfajiri,” mama muuzaji aliniambia, nikachukua mawili pamoja na ndimu nne na fungu la nanaa, nikayahifadhi kwenye friji ya ofisi.

Saa moja na nusu usiku nilianza kazi niliyoingojea kutwa. Mwezi uliopita niliharibu kinywaji kizima kwa tango chungu, na uchungu huo hukaa zaidi upande wa kikonyo; basi nilikata ncha hiyo, nikaisugua kwenye tango kama alivyonifundisha mama mpaka povu jeupe likatoka, kisha nikaonja kipande kabla ya kuendelea. Lilikuwa tamu.

Shemeji yangu, ambaye hanywi pombe, alikuwa amekuja kunitembelea, kwa hiyo nilitengeneza chake kwanza, kabla chupa ya jini haijafunguliwa: tango, nanaa, ndimu, shira na maji ya soda. Kwa changu nilisaga vipande vinne vya tango kwenye kinu pamoja na mililita 20 za shira, nikabonyeza majani matatu ya nanaa kidogo tu, maana yakipondwa sana hutoa uchungu, nikaongeza mililita 25 za ndimu na 50 za jini. Nilivitia vyote pamoja na barafu katika chupa yenye kifuniko, nikatikisa hadi ukungu ukatanda nje ya kioo, nikachuja kwa chujio la chai juu ya barafu mpya, nikamalizia na mililita 100 za toniki, soda yenye uchungu.

Uchungu wa toniki hutokana na kwinini, dawa ya malaria ambayo inasemekana Waingereza wa India waliichanganya na jini ili inyweke, ingawa kiasi kilichomo siku hizi hakitibu chochote. Jini nayo hupata harufu yake hasa kwa matunda ya mreteni, na tango huilainisha bila kuifunika, ndiyo maana sioni haja ya kuongeza juisi nyingine.

“Shemeji, hili tango umelitoa wapi?” aliniuliza bilauri ikiwa tupu. Saa tatu alipoondoka nilimfungia lile la pili, ampelekee dada.